Kemron na Kundi Lililokosekana

Mwaka wa 1990, Rais Moi aliitangazia dunia Kemron, dawa ya Ukimwi kutoka KEMRI, Nairobi. Walioitumia walisema wanakula vizuri, kilo zinarudi. Shida ni moja tu: utafiti ule wa kwanza haukuwa na kundi la pili, la wagonjwa waliopewa tembe zisizo na dawa. Sasa utajuaje kama ni dawa inafanya kazi ama ni matumaini?

Baadaye Uganda wakaipima upya. Wagonjwa wakagawanywa kwa kura, na hakuna mgonjwa wala daktari aliyejua nani amepewa nini. Kemron haikuonyesha faida yoyote. Lakini kufikia hapo, watu walikuwa wameshaitumainia kwa miaka ambayo hawakuwa nayo.