Ramani ya Mwezi: toka kwa benkia mpaka kwenye kle USB

Mwaka 1651, huko Bologna, mapadri wawili Wayezuiti, Riccioli na Grimaldi, walitoa ramani ya Mwezi. Majina yake tunayatumia hadi leo: Bahari ya Mvua, Bahari ya Mawingu, na ile inayonichekesha mimi mtu wa kilimo, Bahari ya Rutuba. Kumbe kule hakuna bahari wala shamba, ni tambarare ya mawe ya volkano.

Karibu miaka 200 kisha, huko Berlin, Mädler akaupima Mwezi upya kwa darubini ya Wilhelm Beer. Huyo Beer alikuwa benkia. Ramani yao ikatoka kati ya 1834 na 1836. Bila tajiri, kazi ile ingekuwa ngumu sana.

Mwaka 2002, Christian Legrand na Patrick Chevalley wakatoa Virtual Moon Atlas. Unaandika tarehe na saa, inakuonyesha upande gani unapata jua. Unabonyeza shimo, inakupa jina, upana, na jina lilitoka wapi. Iko ya bure, na sheria yake inasema wazi: kuikopia na kumpa mwenzio si wizi.

Kwetu, ambako umeme unakatika na mega ziko bei kali, hilo neno “kumpa mwenzio” lina uzito. Mmoja akiipakua, inapita kwa kle USB toka ordinatere moja mpaka nyingine. Ikishaingia, haiombi intaneti. Mwalimu wa sekondari hangoji tena darubini, wala benkia.

Nani kati yetu ataipeleka wa kwanza kwenye masomo alikotoka?