Siku ya Watangulizi (Utah)

Siku ya Watangulizi ni sikukuu ya jimbo la Utah, Marekani, inayoadhimishwa kila tarehe 24 Julai kukumbuka kufika kwa Wamormoni wa kwanza katika Bonde la Salt Lake mwaka 1847. Huja wiki tatu tu baada ya sikukuu ya uhuru wa taifa, lakini shamrashamra hazipungui. Katika jiji la Salt Lake City, familia hulala kandokando ya barabara usiku wa kuamkia gwaride ili zisikose nafasi ya mbele.

Wamormoni walihama Nauvoo, Illinois, mwaka 1846, miaka miwili baada ya nabii wao, Joseph Smith, kuuawa na kundi la watu wenye silaha. Msafara wa kwanza ulikuwa na wanaume 143, wanawake 3 na watoto 2. Siku inayosherehekewa ni ile aliyoingia bondeni kiongozi wao, Brigham Young, amelazwa garini kwa homa. Kazi ilikuwa imekwisha kuanza: waliomtangulia walikuta ardhi ngumu ya kuvunja plau, wakachepusha maji ya kijito cha City Creek kuilainisha, wakapanda viazi.

Hadi reli ya kuvuka bara ilipokamilika mwaka 1869, watu wapatao 70,000 walikuwa wamefuata nyayo hizo. Wengi walisafiri na magari ya maksai. Wasio na uwezo, karibu 3,000, walivuta mikokoteni kwa mikono yao kati ya 1856 na 1860. Misafara miwili ya 1856 ilichelewa kuondoka, ikanaswa na theluji huko Wyoming, na zaidi ya watu 200 wakafa. Mpaka leo vijana wa kanisa la Wamormoni huvaa nguo za enzi hizo na kukokota mikokoteni nyikani wakati wa kiangazi.

Simulizi kwamba watangulizi walifika katika jangwa lisilo na mtu halisimami: wenyeji wa asili, Washoshone, Wagoshute na Waute, walikuwako tangu zamani. Wala watangulizi wenyewe hawakuwa wote huru. Green Flake, Hark Wales na Oscar Smith, watu Weusi waliokuwa watumwa, walifika tarehe 22 Julai, siku mbili kabla ya Young. Mnara mkubwa wa watangulizi ulizinduliwa mwaka 1947 penye mlango wa Emigration Canyon. Sanamu za watatu hao, pamoja na ya Jane Manning James, mwanamke Mweusi aliyekuwa huru, zilisimamishwa katika eneo hilohilo mwaka 2022.