Saini ya Rais wa Marekani: nguvu yake inafika wapi? Toka michezo ya wasichana mpaka vita vya Kongo

Siku ya Jumatatu tarehe 3 mwezi wa tatu 2025, mambo mawili yalipita Washington. Kwenye Seneti, muswada wa sheria juu ya michezo ya wanawake na wasichana ulikwama: maseneta 51 walitaka uendelee, 45 walikataa, lakini ilihitajika sauti 60. Siku ile ile Rais Donald Trump akasimamisha msaada wa silaha kwa Ukraine, siku tatu baada ya kugombana na Rais Volodymyr Zelensky ofisini mwake, mbele ya makamera.

Huku mashariki ya Kongo watu walikuwa na mambo yao. Goma ilikuwa imeingia mikononi mwa AFC/M23 mwisho wa mwezi wa kwanza, Bukavu katikati ya mwezi wa pili. Nani alikuwa na wakati wa kufuata mambo ya kuogelea na mbio za wasichana wa Marekani? Lakini habari hizo mbili za Washington zinafunza jambo moja ambalo watu wa huku wanaliuliza sana tangu mapatano na Rwanda: rais wa Marekani akiweka saini kwenye karatasi, ile karatasi iko na nguvu gani, na kwa muda gani?

Michezo ya wasichana: ugomvi ulitoka wapi

Mwanzo wake ni sheria ya mwaka 1972 inayoitwa Title IX, iliyosainiwa na Rais Richard Nixon. Ni fupi sana. Inasema kwamba masomo yoyote yanayopokea feza ya serikali kuu hayana ruhusa ya kumbagua mtu juu ya jinsia yake. Neno michezo halimo katika ile sentensi yake kuu, lakini ni kwa michezo sheria hiyo ilijulikana. Kabla yake, wasichana waliocheza michezo katika masomo ya sekondari ya Marekani hawakufika 300.000. Leo wanapita milioni 3.

Swali jipya lilikuja baadaye: mtu aliyezaliwa mvulana na sasa anajitambua na kuishi kama msichana, acheze upande gani? Jimbo la Idaho lilikuwa la kwanza kupiga marufuku, mwaka 2020. Mwezi wa tatu 2022, Lia Thomas, mwogeleaji wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania ambaye zamani aliogelea upande wa wanaume, alishinda mbio za yadi 500 katika mashindano ya vyuo vikuu vya nchi nzima. Toka hapo jambo likatoka kwenye mabwawa ya kuogelea na kuingia kwenye kampeni za uchaguzi. Majimbo zaidi ya 25 sasa yana sheria kama ile ya Idaho.

Wanaotaka marufuku wanasema mwili wa mvulana aliyekwisha kubalehe unakuwa na urefu, mifupa na misuli ambayo dawa za homoni haziondoi yote, na kwamba msichana anayepoteza nafasi ao medali hana mahali pengine pa kuitafuta. Wanaopinga wanasema watu wenyewe ni wachache kabisa: mwezi wa kumi na mbili 2024, Charlie Baker, mkuu wa shirika la michezo ya vyuo vikuu, NCAA, aliambia maseneta kwamba kati ya wanamichezo 510.000 anajua wasiofika 10. Wanaogopa pia kwamba kila msichana mwenye mwili wa nguvu ataanza kushukiwa na kuchunguzwa. Uchunguzi wa maoni unaonyesha Wamarekani wengi wako upande wa marufuku, hata sehemu ya Wademokrati. Gavin Newsom, gavana wa California na mmoja wa vigogo wa chama hicho, mwezi wa tatu 2025 alisema wazi kwamba haoni haki katika jambo hili. Wenzake wengi walikasirika.

Hapa inafaa kutofautisha, juu watu wanachanganya. Francine Niyonsaba wa Burundi, aliyepata medali ya feza ya mita 800 kule Rio mwaka 2016, si sehemu ya ugomvi huu wa Wamarekani. Yeye alizaliwa na kulelewa msichana. Mwili wake unatengeneza homoni ya testosterone kwa wingi kuliko kawaida. Ni shirikisho la riadha la dunia, si serikali ya Marekani, lililomzuia mbio zake mwaka 2019. Alihamia mbio ndefu, na mwaka 2021 akavunja rekodi ya dunia ya mita 2.000. Mwaka 2023 kanuni ikapanuliwa kwa mbio zote. Na toka tarehe 1 mwezi wa tisa 2025, shirikisho hilo linataka kila mwanamke anayekimbia mashindano ya dunia apimwe jeni mara moja katika maisha yake. Hata wakimbiaji wa Kongo.

Amri moja, feza nyingi

Tarehe 5 mwezi wa pili 2025, akizungukwa na wasichana wanamichezo, Trump alisaini amri ya kuzuia waliozaliwa wanaume kushindana na wanawake. Kesho yake NCAA ikabadili kanuni zake. Mwezi wa saba, kamati ya olimpiki ya Marekani nayo ikafuata.

Mtu atauliza: kama amri ilitosha, kwa nini tena kupeleka muswada Seneti? Jibu ni kwamba amri ya rais si sheria. Rais anaamuru wizara zake tu. Amri ya tarehe 5 haikusema msichana fulani akamatwe, ilisema masomo yasiyotii yakatwe feza. Nguvu yake yote iko ndani ya mfuko.

Jimbo la Maine lilionja mfuko huo. Tarehe 21 mwezi wa pili, magavana walikuwa White House, Trump akamuuliza Gavana Janet Mills mbele ya wote kama atatii. Mama huyo alijibu kwamba atafuata sheria za jimbo na za serikali kuu, na kwamba wataonana kortini. Mwanzo wa mwezi wa nne wizara ya kilimo ikafunga feza za Maine, na ndani yake zilikuwemo zile za kulisha watoto. Siku tisa baadaye jaji akaamuru zifunguliwe. Tarehe 2 mwezi wa tano wizara ikakubali kuziachilia na Maine ikaondoa kesi. Lakini wakati huo wizara ya sheria ilikuwa imekwisha kufungua kesi ingine juu ya michezo yenyewe.

Chuo Kikuu cha Pennsylvania hakikufika kortini. Kilifungiwa dola milioni 175, na mwezi wa saba kikakubaliana na serikali: rekodi za Lia Thomas zikarekebishwa, waogeleaji wanawake wakaombwa radhi.

Kwa hiyo saini ilifanya kazi haraka kuliko sheria yoyote. Lakini iko na ugonjwa mmoja. Joe Biden, siku yake ya kwanza mwaka 2021, alisaini amri iliyokwenda upande wa pili. Trump, siku yake ya kwanza mwaka 2025, akaifuta. Rais atakayekuja anaweza kufanya vile vile kabla ya chakula cha mangaribi. Ni juu ya hiyo Warepublikani walitaka Seneti ipige sauti, na ni juu ya hiyo watu wote wanaangalia Korti Kuu, iliyosikiliza kesi za Idaho na West Virginia mwezi wa kwanza 2026. Kile Korti Kuu inachoamua, rais hawezi kukifuta kwa kalamu.

Waziri yule yule

Ndani ya amri ya michezo kuna sehemu ambayo watu wachache waliisoma. Inampa waziri wa mambo ya inje kazi, kati yake: kuangalia upya ruhusa za kuingia Marekani kwa wanaokuja kushindana upande wa wanawake, na kufanya kila njia ili Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa ibadili kanuni zake. Michezo ya olimpiki ya 2028 itakuwa Los Angeles, kwa hiyo viza ni fimbo kweli.

Waziri huyo ni Marco Rubio. Tarehe 27 mwezi wa sita 2025, yeye ndiye aliyekaa katikati ya Thérèse Kayikwamba Wagner wa Kongo na Olivier Nduhungirehe wa Rwanda walipotia saini mapatano ya amani. Tarehe 4 mwezi wa kumi na mbili, Félix Tshisekedi na Paul Kagame wakaja wenyewe Washington, Trump akiwa pamoja nao.

Katiba ya Marekani inasema mkataba na nchi ya kigeni unahitaji sehemu mbili kwa tatu za maseneta. Si rahisi. Rais Woodrow Wilson alifanya kazi kubwa kule Ufaransa mwaka 1919 kumaliza Vita vya Kwanza vya Dunia, akarudi nyumbani, Seneti ikakataa mkataba wake. Toka zamani marais wanapenda njia fupi: mapatano yanayosimama juu ya saini yao peke yake. Barack Obama alifanya hivyo na Iran mwaka 2015. Trump akajitoa mwaka 2018.

Ukraine inaijua hadithi hii kuliko wote. Mwaka 1994, kule Budapest, ilikubali kuachana na silaha za nyuklia zilizobaki toka Umoja wa Kisovieti. Marekani, Uingereza na Urusi zikaahidi kuheshimu mipaka yake. Ile karatasi haikupitishwa na Seneti kama mkataba, na haikumlazimisha mtu yeyote kuja kupigana. Mwaka 2014 Urusi ilichukua Crimea, mwaka 2022 ikaingia na vifaru. Ndiyo sababu Zelensky alikuwa anasisitiza dhamana siku ile ya ugomvi, tarehe 28 mwezi wa pili. Alitoka bila kusaini mapatano ya madini yaliyokuwa yametayarishwa. Silaha zikasimamishwa, kisha habari za kijeshi, na tarehe 11 mwezi wa tatu, baada ya mazungumzo ya Jeddah, vyote vikarudishwa. Feza ya silaha hizo ilikuwa imepitishwa na bunge. Kalamu ya rais ilitosha kuisimamisha. Mapatano ya madini yalisainiwa mwisho wa mwezi wa nne, na bunge la Ukraine likayapitisha.

Kwa Kongo mfano huo uko karibu sana. Mapatano ya tarehe 27 ni kati ya Kinshasa na Kigali. Marekani imo kama shahidi. Shahidi hawezi kushitakiwa kama mwingine hakutimiza. Siku ile ya tarehe 4, Kongo na Marekani zilisaini pia ushirikiano wa mambo ya madini. Hakuna karatasi hata moja kati ya hizo inayosema askari wa Marekani watakuja. Kinachobaki ni kile kile kilichotumiwa juu ya Maine na Pennsylvania: feza, na vikwazo. Tarehe 20 mwezi wa pili 2025, Washington ilimwekea vikwazo James Kabarebe, waziri wa Rwanda, na msemaji wa M23 Lawrence Kanyuka. Na siku chache tu baada ya sherehe ya mwezi wa kumi na mbili, M23 iliingia Uvira. Balozi wa Marekani akainyoshea Rwanda kidole mbele ya Baraza la Usalama, na M23 ikatangaza kuondoka, ikisema imeombwa na Marekani. Wanaosema karatasi ya Washington haina kazi wanakumbuka kuingia. Wanaosema iko na kazi wanakumbuka kutoka. Watu waliovuka kwenda Burundi na magodoro kichwani wanakumbuka yote mawili.

Mfuko huo unaweza pia kufungwa upande wa pili. Tarehe 20 mwezi wa kwanza 2025, kwa amri tu, misaada ya Marekani kwa nchi za inje ilisimamishwa siku 90. Bunge halikuulizwa kwanza. Vituo vya afya na kambi za wakimbizi za Kivu vilisikia kabla hata watu hawajajua amri yenyewe inaitwaje.

Ile «Loi Obama»

Kuna karatasi moja ya Marekani ambayo wachimbaji wa Kivu wanaijua kwa jina hata kama hawajaiona. Wanaiita «Loi Obama». Jina linadanganya kidogo: ni kifungu cha 1502 cha sheria ya Dodd-Frank, iliyopigiwa sauti na bunge na kusainiwa na Obama mwezi wa saba 2010. Inataka kampuni zilizo kwenye soko la hisa zieleze kama koltani, kasiteriti, wolframu na dhahabu yao inatoka Kongo ao kwa majirani wake. Miezi miwili baadaye Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji wa mikono katika Kivu zote mbili na Maniema, mpaka mwezi wa tatu 2011. Njaa ya miezi ile haijasahauliwa.

Sheria hiyo imelaumiwa na wengi. Mwaka 2017, chini ya Trump, ofisi inayoisimamia ililegeza utekelezaji wake. Lakini hakuna kalamu iliyoweza kuifuta, juu ilipita bungeni. Muhula wa Trump unaisha tarehe 20 mwezi wa kwanza 2029, na amri yake ya michezo inaweza kwenda naye. Kifungu cha 1502 kimekwisha kuona marais watatu, na kila mwaka, kabla ya mwezi wa tano kuisha, kampuni hizo bado zinapeleka ripoti.