Vijana Waliougeuza Mchezo wa Wenyewe

Kwa wanafunzi wa siku hizi, waliozoea kucheza michezo ya video katika simu za mkononi, si jambo jepesi kuwaza kwamba ulikuwako wakati ambapo mchezo mmoja ulikuwa mashine nzima, yenye kimo cha mtu, iliyotiwa ndani ya sanduku la mbao lenye kioo mbele na tundu la kutilia sarafu. Mchezo na mashine vilikuwa kitu kimoja. Aliyeinunua mashine alinunua mchezo ule tu, na siku watu walipouchoka alibaki na sanduku kubwa lisilomletea faida. Katika sanduku la namna hiyo ndimo ilimozuka habari nitakayoisimulia, habari ya vijana wachache wa Marekani ambao katika mwaka wa 1981 iliwapasa kuamua kama watautia mkono mchezo uliotungwa na watu wengine, au watauacha kama ulivyo.

Vijana hao walikuwa wanafunzi wa chuo mashuhuri cha sayansi na ufundi kiitwacho MIT, kilichoko Cambridge katika jimbo la Massachusetts. Wawili kati yao, Doug Macrae na Kevin Curran, walikuwa wakifanya biashara ndogo kando ya masomo yao: waliweka mashine za michezo katika mabweni ya chuo, wakazipitia kukusanya sarafu. Miongoni mwa mashine zao zilikuwamo za mchezo uitwao Missile Command, uliotolewa na kampuni ya Atari katika mwaka wa 1980. Mchezaji huwa na miji sita ya kuilinda. Makombora huanguka kutoka juu kama mvua, naye huyapiga angani kwa kuzungusha mpira uliopachikwa mbele yake na kubonyeza vifungo. Hakuna ushindi katika mchezo huo. Hata mchezaji awe hodari namna gani, mwisho miji yake huteketea, na fahari yake ni kwamba alikawia kushindwa.

Mwanzoni wanafunzi walijipanga mstari mbele ya mashine hizo. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Lakini miezi haikupita mingi, wachezaji wakaisoma tabia ya mchezo, wakaweza kucheza kwa muda mrefu kwa sarafu moja tu. Na wale wasioweza wakachoka kushindwa, wakaenda zao. Mapato yakapungua. Sisi wenye mchezo wa bao huenda tukashangaa kwamba mchezo unaweza kuzeeka katika muda wa mwaka mmoja, lakini katika bao mtu hupambana na akili ya mwenziwe, ambayo kila siku ni mpya. Mashine ilikuwa na akili ile ile asubuhi na jioni.

Vijana wakafikiri. Kununua mashine mpya kungewagharimu maelfu ya dola, na hiyo nayo ingechakaa machoni mwa watu vile vile. Njia ya pili ilikuwa kuufungua mchezo wa zamani, kuutazama namna unavyofanya kazi, kisha kuuongezea mambo mapya. Kwa ujuzi waliupata. Darasani walikuwa wakifundishwa mambo magumu kuliko hayo. Lakini je, ilikuwa halali?

Swali hili si geni kwetu kama linavyoonekana. Washairi wa pwani yetu wana mtindo uitwao takhmisi, ambao mshairi huchukua maneno ya mtangulizi wake, akayatangulizia mishororo yake mitatu, hata kila ubeti ukawa wa mitano. Ndivyo Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, aliyetunga Al-Inkishafi, alivyolifanyia shairi linalonasibishwa na Liyongo. Hakuna aliyemwita mwizi, kwa sababu maneno ya mwenyewe yanabaki mahali pake, na kila msikilizaji anajua yapi ni ya nani. Lakini pia Liyongo alikuwa amekwisha kufa zamani, wala hakuwa akiuza beti zake kwa dola. Atari ilikuwa hai na ilikuwa ikiuza.

Hata hivyo jambo walilolifanya vijana wale lilifanana na takhmisi kuliko mtu anavyodhani. Hawakuinakili kazi ya Atari ili waiuze. Walitengeneza kibao kidogo cha umeme cha kupandikizwa juu ya bodi ya asili. Mashine iliendelea kusoma maagizo yake ya zamani, ila ilipofika mahali fulani, kibao kile kiliingilia na kutoa agizo jingine badala ya lile la kwanza. Hivyo kila aliyekitaka kibao ilimpasa awe kwanza amenunua mashine halisi ya Atari. Mchezo uliogeuzwa ulikuwa wa kasi zaidi na mgumu zaidi, wakauita Super Missile Attack. Wakatia tangazo magazetini, wakauza kila kibao kwa dola 295, na maombi yakamiminika. Wakaunda kampuni yao, General Computer Corporation, wakayaacha masomo.

Mimi naona uamuzi huo wa kwanza waliufanya kwa haraka ya ujana. Walijiuliza kama kazi inawezekana na kama watu watainunua, lakini sioni dalili kwamba walimwuliza mwenye mchezo lolote. Jibu la mwenyewe lilikuja bila kuombwa. Katika mwaka huo huo wa 1981 Atari iliwashtaki mahakamani, ikidai dola milioni 15. Msomaji na afanye hesabu: kwa bei ya dola 295, iliwabidi wauze vibao zaidi ya 50,000 ndipo waweze kulipa deni hilo, tena bila kula wala kulala. Watu wengine wangalifunga duka siku ile ile. Hawa walijitetea, wakisema kwamba hawakunakili kitu, na kwamba aliyenunua mashine yake ana haki ya kuitengeneza apendavyo.

Kesi haikufika mwisho. Nadhani Atari iliona kwamba vijana wenye uwezo wa kuufumua mchezo wake na kuushona upya wangefaa zaidi wakiwa upande wake. Ikaiondoa daawa, ikakubali kuwalipa waitungie michezo. Nao wakatia sahihi ahadi moja: hawatauza tena kibao cha kugeuza mchezo wa kampuni yoyote bila ya idhini ya kampuni hiyo. Hapana shaka mawakili wa Atari walidhani kwamba kwa maneno hayo wameufunga mlango, kwa kuwa ni kampuni gani itakayotoa idhini ya kazi yake kuguswa?

Lakini vijana walikuwa na kazi nyingine karibu kumalizika. Walikuwa wakiugeuza Pac-Man, mchezo uliotungwa Japani na Toru Iwatani wa kampuni ya Namco na kutolewa mwaka wa 1980, ambao Marekani nzima ilikuwa imeupenda mno. Humo kiumbe wa manjano, ambaye ni mdomo mtupu, hupita katika vichochoro akila vitone, huku mizimu minne ikimwinda. Kasoro yake ilikuwa moja. Mizimu ilifuata kanuni zisizobadilika, hata watu wakazikariri njia za kuiepuka, na vitabu vya njia hizo vikauzwa. Vijana wakabadilisha mwenendo wa mizimu usikaririke kwa urahisi, wakaweka vichochoro vya namna nne badala ya moja, na matunda ambayo zamani yalikaa mahali pamoja wakayafanya yatembee. Kiumbe mwenyewe wakampa miguu, wakamwita Crazy Otto.

Sasa wafanyeje? Kuuza kwa siri kungekuwa kuvunja ahadi ambayo wino wake haujakauka, na kuitupa kazi kungekuwa kupoteza miezi ya jasho. Wakachagua njia ambayo mara ya kwanza hawakuichagua: wakaenda kwa mwenyewe. Waliipelekea Crazy Otto kampuni ya Midway ya jimbo la Illinois, iliyokuwa na leseni ya kutengeneza Pac-Man nchini Marekani. Midway ilikuwa na hofu kwamba watu watamchoka Pac-Man kabla Wajapani hawajaleta mchezo wa pili. Ikaitazama kazi ile, ikaitaka. Miguu ikaondolewa, kiumbe akafungwa utepe kichwani na kutiwa rangi midomoni, na jina likabadilishwa hata likafikia Ms. Pac-Man. Mchezo ulitolewa mapema katika mwaka wa 1982.

Liko jambo moja ambalo wanaoisimulia habari hii kwa furaha mara nyingi hulisahau. Midway hiyo hiyo, iliyowapokea vijana kwa mikono miwili, ilikuwa ikiishtaki kampuni nyingine, Artic International, miongoni mwa mambo kwa kuuza vibao vya kuongeza kasi ya mchezo wake uitwao Galaxian. Mwaka wa 1983 Mahakama ya Rufani iliyoko Chicago iliamua kwamba mchezo ulioharakishwa ni kazi iliyozaliwa na kazi ya kwanza, na haki ya kuuzalisha ni ya mwenye mchezo peke yake. Lau hukumu hiyo ingalitoka miaka miwili kabla, Macrae na Curran wangalisimama mbele ya Atari na hoja dhaifu sana. Ilipotoka, wao walikuwa wakiitungia Atari michezo kwa mshahara, na mashine za Ms. Pac-Man zilizokwisha kuuzwa zilikuwa zaidi ya 100,000.