Pesa Sitini na Nne

Lugha yetu ina maneno matatu makubwa ya kutajia kile tununuliacho: fedha, pesa na hela. Fedha ni jina la madini meupe, nalo lilitokana na sarafu nzito zilizofuliwa kwa madini hayo. Pesa ni jina la kipande cha shaba kilichotoka India. Hela ni jina la senti ya Wajerumani, iliyoanza kutolewa huko Bara mwaka 1904, mia moja kwa rupia. Ofisi na wizara zilijichagulia fedha. Vinywa vya watu vilichagua pesa na hela, yaani majina ya sarafu hafifu kuliko zote. Uchaguzi huo una historia, na historia yenyewe imo katika jambo dogo la kila siku: kukusanya vidogo ili kupata kikubwa.

Katika karne ya 19, biashara kubwa ya Unguja ilihesabiwa kwa riali. Riali iliyopendwa zaidi ilikuwa ile yenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria, aliyefariki mwaka 1780. Kila sarafu iliyofuliwa baada ya hapo iliandikwa mwaka huo huo, hata ikiwa imetoka kiwandani miaka mia baadaye, kwa kuwa wanunuzi wa Bahari ya Shamu na Afrika Mashariki hawakuiamini nyingine. Ilikuwa na uzito wa gramu 28. Pembe, karafuu na ushuru wa forodhani vilipimwa kwa riali. Lakini riali hainunui fungu la muhogo. Kwa soko la namna hiyo palihitajika kitu kidogo, na zama za Sayyid Said pesa za shaba za India ziliingizwa kwa wingi ili kuziba pengo hilo.

Hapo zikawapo dunia mbili katika mji mmoja, na baina yao daraja. Rupia moja ya India ilikuwa pesa 64. Riali moja ilikuja kuhesabiwa kuwa pesa 136, yaani rupia 2 na pesa 8. Hizo ndizo hesabu za karatasini. Sokoni, bei ya riali kwa pesa ilipanda na kushuka kwa kadiri ya wingi wa shaba mjini. Shaba ikiwa haba, pesa chache zilitosha kununua riali. Ikifurika, mwenye pesa alitakiwa aongeze. Mfanyabiashara mkubwa aliweza kungoja siku njema. Mchukuzi na mchuma karafuu, waliolipwa kwa vidogo na kudaiwa kwa vikubwa, hawakuwa na nafasi ya kungoja. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, na kweli hujaza; ila methali haikutaja ni nani anayekipangusa kibaba kikishajaa.

Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alitaka nchi yake iwe na sarafu zake mwenyewe. Mwaka 1299 wa Hijria, unaolingana na 1882, zilitolewa riali za jina lake. Hazikuweza kuiondoa ile ya Maria Theresa. Pesa zake za shaba ndizo zilizoingia mikononi mwa watu, na upande mmoja wa pesa hizo ulichorwa mizani. Mpenzi wa ushairi atalipokea neno hilo kwa namna yake, kwani mizani ndiyo inayotuambia kama mshororo umetimia au umepunguka. Tena si mizani pekee inayokutanisha ushairi na soko. Sarafu, masurufu na sarufi ni maneno ya mzizi mmoja wa Kiarabu, wenye maana ya kugeuza: huku hugeuzwa mali, kule hugeuzwa umbo la neno.

Mwaka 1908 Serikali ya Zanzibar ilitoa noti zake za kwanza, zenye picha ya jahazi na ya uchumaji wa karafuu. Noti ndogo kabisa ilikuwa ya rupia 5. Tuihesabu kwa shaba: rupia 5 ni pesa 320. Pesa ya shaba ya India ya karne ya 19 ilikuwa na uzito wa takriban gramu 6 na nusu, kwa hiyo aliyetaka noti hiyo moja kwa pesa zake ilimbidi abebe zaidi ya kilo 2 za shaba hadi mezani. Mchuma karafuu alichorwa juu ya noti, lakini noti yenyewe haikukusudiwa mfuko wake.

Vita Kuu ya Kwanza ndivyo vilivyoishusha noti hadi kwake. Bei ya fedha, yale madini, ilipanda mno, na rupia ya chuma ikawa na thamani kubwa kuyeyushwa kuliko kutumiwa. Mwaka 1920 ikatolewa Zanzibar noti ya rupia 1. Sasa pesa 64, uzito ambao mtu huweza kuufunga katika pindo la kanga, zilitosha kugeuka karatasi.

Mageuzi makubwa zaidi yalikuja mwaka 1936, rupia ilipoondolewa Zanzibar na shilingi ya Afrika Mashariki ikachukua nafasi yake. Kiwango kilikuwa shilingi 1 na senti 50 kwa rupia. Kwa mwenye noti, hesabu hiyo ni nyepesi. Kwa mwenye pesa, ni mtihani. Pesa moja ilikuwa sawa na senti 2 na zaidi kidogo ya theluthi ya senti, na hakuna sarafu ya theluthi ya senti. Pesa tatu ni senti 7 na kitu. Pesa kumi ni senti 23 na kitu. Hesabu haitoki kamili mpaka zitimie pesa 32, nusu ya rupia, ambazo ni senti 75. Kila aliye chini ya hapo alikuwa na kijisehemu kisichoweza kulipwa, na kijisehemu hicho lazima kimwangukie mmoja wa wawili wanaotazamana mezani.

Rupia imekwenda, na riali imekwenda. Senti 50 za shilingi ziliitwa thumuni, sehemu moja ya nane, ingawa ni nusu. Jina lilibaki na hesabu ya kale. Hata noti nazo hushuka daraja: ile ya shilingi 500 ya Tanzania iligeuzwa kuwa sarafu mwaka 2014, ikarudi kwenye kundi la vinavyolia mfukoni. Kilichobaki katika hayo yote ni jina la kile kipande cha shaba. Waliokihesabu kimoja kimoja hadi sitini na nne walikuwa wengi kuliko walioshika riali, na lugha hufuata wengi. Ndiyo maana leo hata tajiri, akiulizwa anacho nini, husema ana pesa.