Kanda ya redio, wimbo wa nani?

Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyehamia kusini mwa Afrika, alipita Bukoba na mashine ya kurekodi. Akamrekodi Habib bin Seliman akiimba habari za Mugasha, mungu wa ziwa na dhoruba, kwa enanga: ubao uliochongwa ukawa na tumbo kama mtumbwi, nyuzi zikavutwa kutoka ncha hadi ncha. Muziki huo wa enanga ndio klasiki ya Kagera. Mpiga enanga huweza kusimulia usiku kucha. Santuri za siku zile zilibeba dakika tatu hivi kila upande. Kilichohifadhiwa, basi, ni kipande.

Rekodi za Tracey ziko Makhanda, Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka 1954. Baadhi zimetolewa upya Ulaya kwa CD.

Redio ya taifa nayo, iliyoanza 1951 kama Sauti ya Dar es Salaam na kuwa Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD) mwaka 1965, ilijaza makabati yake kanda. Kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa studio ya bendi na vikundi vya ngoma. Aliyetaka kusikika aliingia humo, akaimba, akaondoka, kanda ikabaki.

Msikilizaji wa Nyabusozi, Biharamulo, hakuwa na njia ya kuyafikia makabati hayo. Njia yake ilikuwa redio kaseti: unangoja kipindi, unabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, na sauti ya mtangazaji inaingia katikati ya ubeti. Leo pale stendi ya Nyakanazi mtu hurushiwa nyimbo kwenye simu kwa senti chache.

Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya 1999 haimsumbui anayenakili kwa matumizi yake binafsi. Muuzaji ndiye mwenye kesi. Sheria hiyo inamlinda mtayarishaji wa rekodi na msanii pia, lakini kwa miaka 50. Kwa hesabu hiyo ulinzi wa rekodi yenyewe ya 1950 umekwisha, huku wajukuu wa mwimbaji wakiinunua. Hapo mimi sikubaliani na kalenda.

Kenya walijaribu njia nyingine. Maktaba ile ya Makhanda na Ketebul Music ya Nairobi walipeleka nakala za rekodi kwa Wakipsigis waliorekodiwa na Tracey mwaka huohuo wa 1950, baadhi wakiwa bado hai. Walipewa bure, na hakuna sheria iliyowalazimisha waliozipeleka.