Mbwa mwenye jina la Rhodesia

Wadau, nimeletewa mbwa. Ni mtoto wa miezi miwili, rangi ya ngano, miguu mikubwa kuliko akili yake, na tangu afike hapa Moshi ameshatafuna ndala mbili na pembe ya mkeka. Rafiki aliyenipa kanionya: huyu akikua bila kukimbizwa kila siku, atabomoa nyumba. Mgongoni ana mstari wa manyoya yaliyolala kinyume, yanaelekea kichwani badala ya mkiani. Ndiyo alama ya aina yake, Rhodesian Ridgeback.

Jumapili nikampandisha Kibosho kwa baba mkubwa, mwalimu mstaafu. Nikamwamkia, akaitikia huku macho yako kwa mbwa.

"Mbwa gani huyu?"

Nikamtajia. Akanyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, Rhodesia ilikufa mwaka 1980. Wewe umeifufulia wapi?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Ikabidi nikumbuke. Novemba 11, 1965 Ian Smith alijitangazia uhuru wa walowezi wachache. Mawaziri wa OAU wakaazimia kwamba Uingereza isipomzima kufikia Desemba 15, nchi wanachama zivunje nayo uhusiano. Siku ilipofika nchi nyingi ziliishia kwenye maneno. Tanzania, yenye umri wa miaka minne tu tangu Nyirenda apandishe Mwenge juu ya mlima huu huu, ilivunja kweli, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukaota mbawa. Uhusiano ulirudi 1968. Baba mkubwa alikuwa mwanafunzi wakati huo, na bado anaitaja hesabu ya ule mkopo kama deni la jirani. Baadaye wapiganaji wa Zimbabwe walifundishwa kwenye kambi zetu, Mgagao kule Iringa ikiwa mojawapo.

Sasa nikajitetea kwa historia ya mbwa mwenyewe. Wakhoikhoi wa kusini walikuwa na mbwa wenye mstari mgongoni kabla Waholanzi hawajaweka kambi Cape mwaka 1652. Wageni wakawachanganya na mbwa wao. Miaka ya 1870 mmisionari Charles Helm alifika na mbwa wawili wa namna hiyo Hope Fountain, karibu na Bulawayo, na mwindaji Cornelius van Rooyen akazalisha kutokana nao. Kazi yao haikuwa kumuua simba (hadithi za vijiweni hizo), bali kumzingira, kubweka na kukwepa makucha mpaka mwenye bunduki afike. Mwaka 1922 Francis Barnes akakusanya wenye mbwa hao Bulawayo, wakaandika sifa za aina hiyo, wakiazima maelezo ya mbwa wa Dalmatian. Kwa hiyo huyu ni Mwafrika aliyeandikishwa kwa jina la Cecil Rhodes. Na sisi tuliojaa akina Godlisten tusimcheke sana.

Kinachonikera mimi ni kingine. Kwa miaka mingi wafugaji waliua watoto waliozaliwa bila mstari, wazima kabisa, kosa lao ni mgongo laini. Mwaka 2007 wanasayansi walionyesha kwamba chembe za urithi zinazoleta mstari ndizo zinazomweka mbwa kwenye hatari ya kasoro ya ngozi mgongoni. Yaani waliokuwa wanauawa ndio waliokuwa salama zaidi!

Baba mkubwa akapitisha kidole kwenye ule mstari, taratibu.

"Basi huyu ni Mkhoikhoi," akasema. "Utamwitaje?"

Nikasema labda Mgagao. Uso ukabadilika.

"Hapana. Waliokaa kule walikuwa watu. Usimpe mbwa."

Nikaomba radhi. Tulipogeuka, mtoto alikuwa ameshaingia migombani na kiatu cha baba mkubwa, cha kulia, cha kanisani. Nilimkimbiza mpaka kwenye mfereji nikiita "Wewe! Wewe!", maana jina hana bado.